Kilichofanya Debe Lisitupwe

Mabango ya mazingira yanayobandikwa vijijini siku hizi humwambia mwananchi kwamba taka ni mali, kana kwamba habari hiyo ni ngeni. Kwa Mbekenyera si ngeni hata kidogo. Kata hii ya wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi, iliyokuwa sehemu ya Nachingwea kabla Ruangwa haijawa wilaya yenyewe katika miaka ya 1990, imo katika nchi ya Wamwera, ambako kwa vizazi kadhaa ilikuwa shida kukuta kitu cha dukani kimetupwa kwa sababu tu kazi yake ya kwanza imekwisha. Hoja yangu ni kwamba kilichowafanya watu hao wasitupe si mahubiri, wala hawakuwa na tabia njema kutupita sisi. Palikuwa na fundi wa karibu aliyejua kukigeuza kitu, na palikuwa na mtu wa kulipa, kwa fedha au kwa nafaka, kitu kikishageuzwa. Mambo hayo mawili yalipokosekana, hata serikali yenye mamilioni ya pauni ilishindwa kukipa chuma chake maisha ya pili, na ushahidi wa kushindwa huko uko hapohapo Nachingwea.

Tuanze kabla ya bati. Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alipozunguka bara ya Lindi mwaka 1906, mwaka mmoja tu baada ya Vita vya Maji Maji kuwaka, alikuta nyumba ambazo vyombo vyake karibu vyote vilitoka katika udongo, mti, kibuyu na ukindu. Vyombo vya namna hiyo havina tatizo la taka, kwa kuwa vikichoka huoza. Hata hivyo havikuachwa vioze mapema. Chungu kilichopasuka kilibaki kigae cha kuchukulia makaa kutoka kwa jirani, au cha kunyweshea kuku. Chuma nacho kilikuwa hadithi nyingine kabisa. Jembe lililofuliwa na mhunzi lilibeba ndani yake siku nyingi za kuchoma mkaa, kuchimba mawe na kuvuta mivukuto, ndiyo maana sehemu nyingi za Afrika Mashariki lilikubaliwa kuwa mahari. Likilika hadi kubaki kipande, lilirudi motoni likatoka kisu, mundu au ncha ya mshale. Hakuna aliyemhubiria mhunzi kuhusu mazingira. Alijua tu kwamba kufua chuma kikuukuu ni kazi nyepesi mara nyingi kuliko kuyeyusha kipya kutoka kwenye mawe.

Kisha likaja debe. Mafuta ya taa ya Marekani yaliingia pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 19, Zanzibar ikiwa mlango wake mkuu, na baadaye yakasambaa bara ndani ya madebe ya bati yenye ujazo wa lita kama 18, mawili mawili katika sanduku la mbao. Wauza mafuta walikuwa wanauza mafuta. Walichogawa bila kukusudia ni chombo chepesi, kisichovuja, kisichopasuka, chenye ukubwa sawa kila mahali, na nchi nzima ikakipokea kwa mikono miwili. Debe lilibeba maji kichwani, lilipikia pombe na chakula cha msiba, lilitunza mbegu zisiliwe na panya. Likikunjuliwa na kunyooshwa lilikuwa bati la paa, la ubavu wa kibanda au la mlango. Sanduku lake lilikuwa kiti, kabati au rafu ya dukani. La ajabu zaidi ni kwamba chombo hiki kilichotupwa na kampuni za mafuta kiligeuka kipimo. Mahindi, mtama na karanga vikawa vinauzwa kwa debe, na mkulima anajua mpaka leo kwamba gunia la mahindi ni madebe sita hivi. Wakala wa Vipimo wamehimiza mizani miaka nenda rudi, lakini debe bado lipo gulioni. Hata methali ya debe tupu lisiloacha kuvuma isingeeleweka kama madebe matupu hayangekuwa yamejaa majumbani.

Inafaa kujiuliza kwa nini debe lilifaulu hivyo. Jibu la haraka ni kwamba bati ni imara, lakini uimara peke yake hautoshi: injini ya lori ni imara zaidi na huozea porini. Debe lilifaulu kwa sababu bati lake lilikubali zana za kijijini. Mkasi wa bati, nyundo, kipande cha chuma cha kufulia juu yake, jiko la mkaa na kijiti cha risasi ya kulehemia vilimtosha fundi bati kukaa chini ya mwembe na kuanza kazi. Kutoka mikononi mwake zilitoka mbuzi za kukunia, vikaango, funeli, ndoo, na zaidi ya vyote koroboi. Taa hiyo ndogo, wengine huiita kibatari, ilitengenezwa kwa kopo la maziwa au la dawa ya mbu, shingo yake ikalehemiwa, na utambi wake ukasokotwa kwa kitambaa. Kitambaa chenyewe kilikuwa na safari yake: khanga mpya ya kutokea ilichakaa ikawa ya kushindia, ikawa mbeleko, ikawa nepi, ikawa tambara la kushikia sufuria, na kipande chake cha mwisho kikaishia kwenye koroboi kikivuta mafuta. Pipa la lami au la mafuta nalo lilikatwa nusu, chini likatobolewa matundu, likawa kikaangio cha kuchomea korosho juu ya moto wa maganda yake yenyewe. Kwa mkoa unaoishi kwa korosho, hicho ni kiwanda. Na shule ngapi hazikununua kengele, zikatundika mtini ringi ya gari au kipande cha reli? Mbao za kuandikia za shule hizo nazo zilipakwa weusi wa mkaa, au ule unga mweusi wa betri kuukuu za tochi, jambo ambalo leo tusingependa kuona mtoto akilifanya kwa mikono mitupu.

Wakati mafundi bati wakifanya hayo bila jina wala bajeti, kusini mwa Tanganyika palifunguliwa mradi ambao, ukiutazama kwa jicho la somo letu, ni jaribio kubwa la kutumia tena vifaa chakavu kuliko jingine lolote lililowahi kufanyika katika eneo hili. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula na ilikuwa na chuma kingi cha vita kisicho na kazi. Frank Samuel wa United Africa Company alipendekeza karanga zilimwe kwa mashine Afrika Mashariki. Ujumbe wa John Wakefield ulizunguka nchi mwaka 1946 kupima wazo hilo. Na mwaka 1947 serikali ikatangaza mpango wa ekari zaidi ya milioni 3. Maeneo yalikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea, na sehemu kubwa kuliko zote ilikusudiwa iwe kusini. Viwanda havikuwa na matrekta mapya ya kutosha. Kwa hiyo mradi ulinunua matrekta na mabuldoza yaliyoachwa na majeshi huko Ufilipino, na kampuni ya Vickers ikapewa kazi ya kubadilisha vifaru aina ya Sherman viwe matrekta, yakaitwa Shervick. Minyororo ya nanga za meli ilitumika kuvutia miti chini. Kwenye karatasi huu ni uungwana mtupu, silaha za vita zimekuwa zana za kulimia, kama nabii Isaya alivyotamani.

Shambani mambo yalikuwa mengine. Mashine zilizokaa kwenye mvua za Pasifiki zilifika zikiwa zimekwisha umri. Zilikuwa za aina nyingi mno, na vipuri vya moja havikuingia kwenye nyingine. Mafundi walikuwa wachache, karakana zikiwa nyuma ya kazi, na mzigo wowote wa Nachingwea ulisubiri bandari ya Mtwara na reli ambazo bado zilikuwa zinajengwa. Mtu anaweza kupinga kwamba chuma chakavu hakikuua mradi wa karanga, na atakuwa na haki kwa kiasi. Mvua ya Kongwa ilikosekana, udongo wake ulikauka ukawa mgumu kama sakafu, haraka ya London haikuruhusu mtu kujaribu kidogo kwanza, na wakulima waliolijua eneo hawakuulizwa. Lakini mashine zile ni sehemu ya kosa hilohilo. Waliodhani kwamba ardhi ya kusini ingejulikana kutoka mezani walidhani pia kwamba kifaru kinaweza kupewa kazi ya pili mahali ambapo hakuna anayejua kukifungua. Januari 1951 mpango ukafutwa, ukiwa umekula pauni milioni 36 hivi. Reli iliyopelekwa Nachingwea haikumaliza miaka kumi na mitano. Ilifungwa mapema katika miaka ya 1960 na mataruma na vyuma vyake vikang'olewa.

Angalia basi kilichobaki. Bandari ya Mtwara imebaki kwa sababu ina wateja, wa korosho wakiwamo. Majengo na viwanja vya mradi vilibaki kwa sababu mtu yeyote mwenye haja ya paa anaweza kuingia. Shamba lililojulikana kama Farm 17 lilikuwa kambi ya FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, kuanzia katikati ya miaka ya 1960, na wapiganaji waliofunzwa Nachingwea, chini ya Samora Machel, walirudi kwao wakapigana mpaka nchi yao ikapata uhuru mwaka 1975. Matumizi ya pili ya mradi wa karanga yalikuwa makubwa kuliko ya kwanza, ila hayakutokana na mpango wa mtu yeyote aliyeuanzisha. Yalitokea kwa njia ileile ya debe: kitu kipo, mwenye haja naye yupo, na anaweza kukitumia alivyo.

Hapa pana pingamizi zito ninalolisikia mara nyingi, nalo ni kwamba yote haya ni sura nyingine ya umaskini. Watu walivaa katambuga za tairi kwa kukosa viatu, wakawasha koroboi kwa kukosa umeme, na anayezisifu leo anasifu dhiki ya wengine. Sikatai. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, sabuni, sukari na nguo zilipotoweka madukani, Watanzania walitumia tena kila kitu kwa kuwa hakikuwapo kingine, na hakuna mwenye akili timamu anayetaka kurudi huko. Koroboi iliwatia watoto moshi machoni na kuunguza nyumba, iende salama. Lakini kama umaskini peke yake ndio ungekuwa sababu, basi kijiji maskini kingekuwa safi leo, na sivyo ilivyo: kipato cha wengi bado ni kidogo, ilhali chupa za plastiki zimezagaa. Umaskini upo, kutupa kumeongezeka. Kwa hiyo lazima sababu nyingine itafutwe.

Mfano ninaoutegemea zaidi hauna dhiki ndani yake. Ni chupa ya soda ya kioo. Kwa miongo mingi kila duka la Tanzania, likiwamo la kijiji cha ndani kabisa, lilifuata kanuni moja: ukitaka soda ya kwenda nayo, lete chupa tupu au acha fedha ya chupa. Mwenye duka naye alidaiwa kreti na chupa zake na wakala, na wakala akadaiwa na kiwanda. Mtoto wa miaka saba alijua kwamba chupa iliyoachwa kibarazani ni fedha, akaikimbilia. Tajiri na maskini walirudisha sawa. Lori lililoleta kreti zilizojaa lilirudi na kreti tupu, kwa hiyo safari ya kurudi haikuwa ya hasara. Mpango huo haukuhitaji semina hata moja, na ulifika vijijini ambako gari la taka halijawahi kufika. Ulianza kulegea viwanda vilipoleta soda na maji ya chupa za plastiki, zile ambazo watu huziita za take away. Kuanzia hapo gharama ya chombo kitupu ilihama kutoka kiwandani ikamwangukia aliyekunywa, kisha ikamwangukia mwenye shamba ambamo chupa imetupwa.

Plastiki imevunja pia upande wa fundi. Chupa nyembamba haifuliki wala hailehemiki. Hata tairi limebadilika: matairi mengi ya sasa yana nyaya za chuma ndani, kisu cha mshona katambuga hakipiti. Taa za sola na tochi za balbu ndogo zilipoiondoa koroboi, jambo jema, ziliondoa pia bidhaa iliyomlisha fundi bati mwaka mzima, naye alipoacha kazi hakuna aliyebaki wa kuziba ndoo. Zile taa zenyewe zikifa hazifunguliki. Lakini plastiki zote si sawa, na hapo pana funzo. Dumu la njano la mafuta ya kula la lita 20 limerithi kazi ya debe karibu yote: linabeba maji, pombe ya uraka na mafuta, likitoboka linazibwa kwa kisu cha moto na kipande cha plastiki nyingine, likishindikana linakatwa liwe beseni la kuku au la mche. Dumu linauzwa likiwa tupu. Yaani plastiki nene yenye bei imejitafutia njia yenyewe, na watu walewale wanaodaiwa kuwa wachafu ndio wanaoitunza.

Wapo wanaoona kwamba dawa ni marufuku. Tanzania imeitumia mara mbili kwa ukali: pombe za viroba zilipigwa marufuku kuanzia Machi 1, 2017, na mifuko ya plastiki, ile tuliyoizoea kwa jina la Rambo, kuanzia Juni 1, 2019. Nadhani hatua zote mbili zilikuwa sahihi, kwa kuwa kipakiti cha pombe na mfuko wa Rambo havikuwa na fundi wala mnunuzi na havingempata kamwe. Marufuku ndiyo inayofaa kwa kitu cha namna hiyo. Lakini haiwezi kuwa sera ya chupa ya maji mahali ambapo visima havina uhakika, wala ya betri mahali ambapo tochi ndiyo taa. Wengine watasema basi choma moto. Moshi wa plastiki iliyochomwa jikoni au nyuma ya nyumba una sumu, na anayeuvuta kwanza ni mwenye nyumba. Na nikiri kwamba si kila ugeuzaji ni salama. Uchunguzi wa sufuria za alumini zinazoyeyushwa mitaani, uliohusisha nchi kumi, Tanzania ikiwamo, na kuchapishwa mwaka 2017, ulikuta risasi katika baadhi yake, kwa kuwa anayeyeyusha huchanganya vipuri vya injini na vyuma asivyovijua. Alumini safi ya sufuria kuukuu ni jambo moja, betri ya gari katika tanuri hilohilo ni jambo jingine.

Kwa nyumba ya Mbekenyera, hesabu ya historia hii inaleta utaratibu usio mgumu. Maganda, majivu na mabaki ya chakula yarudi kwenye shimo la nyuma ya nyumba, lakini shimo hilo likae peke yake bila plastiki, kwani mboji yenye vipande vya mifuko haina faida kwa mpapai wala mgomba. Vyuma na makopo viwekwe pembeni vimsubiri mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye hupita tayari. Chupa za kioo na madumu vioshwe vitumike, ila chombo kilichowahi kuwa na dawa ya mikorosho kisitiwe kamwe maji wala pombe. Kitobolewe kisitamaniwe na mtu. Chupa za plastiki zikanyagwe zilale, zifungwe ndani ya gunia pamoja na vifuniko vyake. Betri zilizokwisha zikae kwenye kopo kavu lenye kifuniko, mbali na choo, kisima na jiko, mpaka atakapopatikana wa kuzichukua. Mengi ya hayo yanawezekana leo bila msaada. Yanayokwama ni mawili, chupa na betri, na yanakwama mlangoni kwa sababu hakuna anayebisha hodi kuyanunua.

Kinachomzuia mnunuzi ni masafa. Viwanda vya kusaga plastiki viko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Ruangwa, na chupa ndogo kama 50 ndizo zinazotimiza kilo moja. Anayezinunua kwa kilo kijijini atalipia lori libebe hewa. Soko huria halitaleta mnunuzi huyo kwa kuhimizwa. Chupa ya kioo ilishinda masafa hayohayo kwa sababu fedha ya kuirudisha ilikwisha kulipwa siku soda iliponunuliwa, na lori la kuirudisha lilikuwa limeshafika. Ujerumani, nchi tajiri, iliweka amana ya lazima kwenye chupa na makopo ya kutupa mwaka 2003, na watu huzirudisha dukani kama Watanzania walivyokuwa wakirudisha za kioo. Wenye viwanda watalalamika kwamba bei itapanda. Itapanda kwa kiasi cha amana, na mnywaji atarudishiwa akirudisha chupa; asiyerudisha atakuwa amemlipa mtoto atakayeiokota. Watasema pia kwamba kuhesabu chupa vijijini ni usumbufu, lakini mawakala wao walihesabu kreti huko kwa miongo mingi na hakuna aliyefilisika kwa kuhesabu.

Amana ya nchi nzima inahitaji kanuni ya serikali kuu, na wabunge wa kusini wana haki ya kuidai. Lakini Halmashauri ya Ruangwa haina haja ya kusubiri yote. Inakusanya ushuru wa mazao kila msimu, na malori ya vinywaji yanayoshusha mzigo wilayani hurudi matupu. Kabla ya kuandika sheria ndogo nyingine ya faini kwa anayetupa chupa, iwaite mawakala wa vinywaji na wenye maduka wa Mbekenyera na kata jirani, wakubaliane bei ya chupa moja tupu, hata iwe shilingi 20, na duka la kuipokelea.